Mlango Ufunguliwe Lini?

Liko swali moja ambalo watu huliuliza wakati wa maradhi makubwa, nao huliuliza kwa hasira, kwa sababu wakati ule kila mtu ana hofu yake. Mmoja ahofu kufa, mwenziwe ahofu njaa. Swali lenyewe ni hili: mji uliofungwa kwa ajili ya maradhi, ufunguliwe lini? Sisi twaona ni vema kulitazama wakati wa utulivu, maana paa haliezekwi usiku wa mvua. Tena twaona kwamba si swali la waganga peke yao. Waganga waweza kutuambia jinsi ugonjwa unavyokwenda. Lakini nani abebe mzigo wa kungoja, na nani abebe mzigo wa haraka, hayo ni mambo ya haki, na kila mtu mwenye akili hana budi kuyafikiri.

Pwani yetu ya Kilwa na Lindi si ngeni katika jambo hili. Mwezi wa Februari mwaka wa 1859 wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walifika Kilwa kwa chombo, wakaukuta mji umeshikwa na kipindupindu. Kilwa Kivinje siku zile ilikuwa bandari kubwa ya biashara, na humo ilikuwamo ile biashara ya aibu, ya kuuza wanadamu. Maradhi hayana miguu: husafiri kwa miguu ya watu na kwa matanga ya vyombo. Mlango uletao riziki ndio huo huo uletao msiba, na hapo ndipo penye fumbo letu. Kama mlango ungekuwa wa msiba tu, nani angesita kuufunga? Na kama ungekuwa wa riziki tu, nani angethubutu kuufunga?

Sasa na tukumbuke yaliyotupata sisi wenyewe. Tarehe 16 Machi mwaka wa 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu, aliyeonekana Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa, na mikutano ya hadhara ikakatazwa. Masoko na nyumba za ibada hazikufungwa. Basi sisi waalimu tukafunga madarasa, tukaondoa kamba ya kengele ili watoto wasiichezee, tukaenda zetu nyumbani.

Karibu na shule yetu alikuwako mama mmoja aliyeuza vitumbua na mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko. Baada ya wiki tatu alikuja barazani, tulipokuwa tumekaa waalimu wanne pamoja na bibi mmoja mzee, mkunga wa zamani, ambaye watu wa mtaa humheshimu sana. Mama yule akasalimu, akaketi, akanena: "Waalimu, nawauliza. Shule itafunguliwa lini?" Tukamjibu kwamba hatujui; yatupasa kungoja hata ugonjwa upungue. Akasema: "Nyinyi mwaweza kungoja. Shule ikifungwa au ikifunguliwa, mshahara wenu waja mwisho wa mwezi. Mimi mshahara wangu ni kengele ya mapumziko."

Tukanyamaza wote. Yule bibi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya upole: "Mwanangu, neno lako ni kweli. Lakini mimi nimeuguza watu wa kipindupindu, na nakwambia, siku mbaya si zile tulizoogopa. Siku mbaya ni zile tulizosema, yamekwisha." Yule mama akamwitikia, "Ndiyo, bibi, nimesikia. Nao watoto wangu wale nini mpaka yaishe?"

Wasomaji, tangu siku ile hatujaweza kuyasahau maneno hayo mawili. Hatukuona kwamba mmoja wao amekosa. Kila mmoja alikuwa na haki mkononi, na haki zile mbili hazikupatana. Basi tumekusudia kuzipima, moja baada ya moja.

Tuanze na neno la bibi. Kwa nini kufungua mapema ni hatari, hali watu waona kwa macho yao kwamba wagonjwa wanapungua?

Kila mtu wa pwani ajua habari ya wanawake waendao miambani wakati wa bamvua kutafuta pweza na chaza. Maji yakipwa sana, mwamba hubaki mkavu, na mtu hutembea mbali. Lakini mwanamke mjuzi hatazami maji yaliyo mbele yake peke yake. Ajua kwamba maji yakianza kujaa hupita kwanza katika mkondo ulio nyuma yake, kati ya mwamba na pwani. Mbele bado kukavu, nyuma kumekwisha jaa. Asiyejua hilo hufurahia ukavu hata saa ambayo njia ya kurudi imefungwa.

Hesabu ya wagonjwa ni hivyo hivyo. Mtu aliyeambukizwa korona haugui siku ile ile. Zapita siku mbili, au tano, hata kumi na nne. Akiisha kuugua, hukaa nyumbani kwanza akinywa maji ya moto na majani ya mwarobaini. Kisha huenda zahanati. Kisha hupimwa, na majibu hungojewa. Basi hesabu inayosomwa leo si habari ya leo. Ni habari ya wiki mbili zilizopita. Hesabu ikisema "wamepungua," maana yake walipungua wakati ule. Yanayotendeka leo sokoni na harusini bado hayajaandikwa katika daftari.

Liko na jambo la pili, nalo hudanganya watu zaidi. Wagonjwa wakipungua baada ya mji kufungwa, watu husema, "Tazameni, ugonjwa umekuwa mdogo, basi kufunga hakuna haja." Neno hili lafanana na la mtu aliyekaa chini ya mwavuli akasema, "Sikulowa, basi mvua haikunyesha." Kupungua kwenyewe ni tunda la kufunga. Ukiondoa sababu, kabla ya kupata sababu nyingine ya kuushika ugonjwa, tunda nalo litaondoka.

Na kurudi kwake si kwa polepole. Tufanye hesabu kama tufanyavyo ubaoni. Kijiji kina wagonjwa 10, na kila wiki idadi yazidi mara mbili. Wiki ya kwanza 20, ya pili 40, ya tatu 80, ya nne 160, ya tano 320. Wiki mbili za kwanza watu hucheka wakisema wagonjwa ni wachache. Wiki ya tano zahanati haina kitanda. Asiyezoea hesabu ya namna hii hudhani kwamba siku ya hatari ni ile ya 320. Kumbe siku ya hatari ilikuwa ile ya 20, wakati ambapo jambo bado lilikuwa dogo na laweza kuzuiliwa. Ndiyo maana wazee walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mambo haya si ya ubaoni tu. Mwaka wa 1918, vita kuu ilipokuwa ikielekea mwisho, homa kubwa ya mafua ilizunguka dunia nzima, na nchi yetu pia iliipiga, watu wakiwa wamekwisha dhoofu kwa njaa na kazi za vita. Huko Marekani, katika mji wa San Francisco, watu waliamriwa kufunika pua na mdomo. Ugonjwa ukapungua. Tarehe 21 Novemba saa sita mchana ving'ora vililia, na watu wakazivua barakoa zao njiani kwa furaha nyingi. Haukupita muda mrefu, wagonjwa wakaongezeka tena, na tarehe 17 Januari mwaka wa 1919 ikawa lazima kuzivaa mara ya pili. Furaha ilikuwa ya kweli. Wakati wake ndio uliokuwa bado.

Tena twaitazama Bara Hindi, nchi ambayo watu wa pwani wamejuana nayo tangu zamani kwa pepo za kaskazi na kusi. Mwezi wa Februari mwaka wa 2021 hesabu ya wagonjwa wapya wa korona ilishuka hata karibu 10,000 kwa siku, nayo ni nchi yenye watu zaidi ya milioni 1,300. Wengi wakaona hatari imepita. Mikutano mikubwa ikarudi, na sherehe, na safari. Mwezi wa Mei hesabu ikapita 400,000 kwa siku moja. Hewa ya kuwasaidia wagonjwa kupumua ikakosekana hospitalini, na watu wakafa wakingoja mlangoni. Ni kweli kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa umegeuka, ukawa mwepesi zaidi wa kuambukiza. Lakini ugonjwa uliogeuka ulikuta mlango wazi na mlinzi amelala.

Hayo ndiyo maneno ya bibi, nasi twayakubali. Lakini tusiishie hapo, maana mtu akiishia hapo atasema, "Basi tufunge, na tuendelee kufunga, maana kungoja hakujamwua mtu." Hilo si kweli. Kungoja huua pia, ila huua kwa siri, na waliokufa hivyo hawaandikwi katika daftari la maradhi.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Shule zao zilifungwa mwezi wa Machi mwaka wa 2020, na wengine katika wanafunzi hawakurudi darasani hata tarehe 10 Januari mwaka wa 2022. Ni karibu miaka miwili, na hakuna nchi duniani iliyozifunga shule muda mrefu kupita hiyo. Watoto wa mji wenye redio na simu walifundishwa kidogo. Watoto wa shamba walikwenda kulima, na kuchimba, na kuuza barabarani. Wasichana wengi walipata mimba au waliozwa. Mlango ulipofunguliwa, wako watoto ambao hawakuonekana tena. Sisi waalimu twajua maana ya jambo hilo. Mtoto aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na miwili si mgonjwa, wala hazikwi. Lakini maisha yake yamekatwa kipande.

Kwa hiyo wenye kudhani kwamba upande mmoja ni wa uhai na upande mwingine ni wa fedha, wamekosea. Kwa mtu aliye na akiba, fedha ni fedha. Kwa yule mama wa vitumbua, fedha ya leo ni unga wa leo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi mwenye shibe ndiye aketiye katika kamati iamuayo siku ya kufungua. Kwa yeye kungoja mwezi mmoja ni subira. Kwa mama yule, kungoja mwezi mmoja ni kuuza kuku, kisha sufuria, kisha kukopa, kisha kulala na njaa.

Basi, tutaamuaje? Sisi twaona kwamba kosa kubwa la watu katika shauri hili ni kuuliza "lini?" kabla ya kuuliza maswali mawili yaliyo chini yake. La kwanza: je, twajua kweli ugonjwa uko wapi? La pili: je, nani analipa gharama ya kungoja? Maswali hayo yakijibiwa kwa haki, siku ya kufungua hujulikana kwa urahisi zaidi. Yasipojibiwa, siku yo yote itakayochaguliwa itakuwa ya kubahatisha.

Kwanza, habari ya kujua. Mwanzoni mwa Mei mwaka wa 2020 hesabu ya Tanzania ilisimama katika wagonjwa 509 na waliokufa 21. Baada ya hapo haikutangazwa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, hata mwaka wa 2021, ambapo hesabu zilirudi kutolewa, na tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya watu. Waliotetea kunyamaza walisema kwamba hofu nayo huua, na kwamba watu waishio kwa kazi ya siku hawawezi kufungiwa ndani. Neno la pili tumekwisha likubali. Na la kwanza lina ukweli wake, maana twajua hofu yaweza kumkimbiza mgonjwa asiende zahanati. Lakini kutohesabu si dawa ya hofu. Mtu akifumba macho, asiseme jua limetua. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Twakiri jambo moja. Tarehe 29 Juni mwaka wa 2020, shule zote ziliporudi, tulifunga kamba ya kengele mahali pake, na ilipolia tulifurahi mno. Watoto walipiga kelele, na mama wa vitumbua alikuwako chini ya mti wake tangu alfajiri. Lakini tungeulizwa siku ile, "Je, mmefungua kwa wakati wake, au mmefungua mapema?" tusingekuwa na jibu. Si kwamba jibu lilikuwa baya; halikuwako. Tuliingia darasani kama mtu aingiaye baharini usiku, asijue kama maji yanapwa au yanajaa. Huenda tulifanya vema. Lakini mtu aliyefika salama kwa bahati asidhani kwamba amejifunza njia.

Sasa tulinganishe na jambo la mkoa wetu wenyewe. Mwezi wa Julai mwaka wa 2022, katika wilaya ya Ruangwa, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka sana, na wengine kutoka damu puani. Watu 20 waliugua, watatu wakafa. Uvumi ukatangulia kama moto wa kiangazi: wako waliotaja Ebola, wako waliotaja uchawi. Laiti wakubwa wangeufuata uvumi, pengine kila shule na kila mnada wa ufuta ungefungwa. Lakini walipeleka wataalamu, wakapima, wakatangaza waliyoyaona. Haikuwa Ebola, wala Marburg, wala korona. Ilikuwa homa ya mgunda, ugonjwa wa vijidudu vitokavyo katika mkojo wa wanyama kama panya, vikamwingia mtu kwa maji au udongo. Ugonjwa huo ni nadra sana kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, nao una dawa ukiwahiwa.

Oneni faida ya kujua! Jina la ugonjwa lilipopatikana, ulijulikana mlango upaswao kulindwa. Haukuwa mlango wa shule wala wa soko. Ulikuwa mtungi wa maji, na ghala lenye panya, na miguu isiyo na viatu katika tope. Wako wadhanio kwamba hesabu na vipimo ni silaha ya watu wapendao kufunga. Twasema si hivyo. Ukweli humtetea mwenye njaa kuliko mtu mwingine ye yote, kwa sababu asiyejua adui yuko wapi hana budi kufunga milango yote, au kuiacha wazi yote.

Tena ukweli hutupa kipimo cha kungoja, ili kungoja kusiwe kwa milele. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika mkoa wa Kagera tarehe 21 Machi mwaka wa 2023, waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Haikusemwa, "Tungojeni mpaka tuone." Ilijulikana kwamba ugonjwa huo waweza kujificha mwilini siku 21 kabla ya kuonekana, basi ikahesabiwa mara mbili ya siku hizo, siku 42 bila mgonjwa mpya, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Kungoja kwenye mwisho unaojulikana ni kwepesi kuliko kungoja kusikojulikana, hata kama siku ni zile zile. Mtu aliye kifungoni huhesabu siku. Ukimnyima hesabu umemwongezea kifungo.

Hata hivyo hesabu njema haimpi mlinzi ruhusa ya kulala. Liberia ilitangazwa kuwa haina Ebola tarehe 9 Mei mwaka wa 2015, baada ya siku 42 hizo hizo. Kabla ya Juni kwisha, mgonjwa mwingine akaonekana. Lakini kwa kuwa walikuwa bado wakipima, ugonjwa ule ulizimwa kabla haujaenea. Basi kufungua si kusema "yamekwisha." Kufungua ni kusema "twatoka, lakini twatazama, na tukiona moshi tutarudi." Asiyekuwa tayari kufunga tena hana haki ya kufungua.

Pili, habari ya gharama. Hapa tutawaombeni mtazame desturi moja ya wavuvi wetu. Katika Songo Songo na vijiji vingine vya Kilwa, miaka hii wamejifunza kuufunga mwamba wa pweza kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wakati huo hakuna avuaye hapo. Pweza hukua upesi, na miezi michache yatosha kumgeuza mdogo kuwa mkubwa. Siku ikifika mwamba hufunguliwa kwa pamoja, na watu hupata pweza wazito.

Wazia sasa mtu aingiaye mwambani kwa siri wiki moja kabla ya siku yenyewe. Kosa lake ni nini? Si kwamba amekula pweza. Hata wenzake watakula. Kosa lake ni kwamba amekula njaa ya wenzake. Miezi ile yote waliyojinyima, yeye ameigeuza kuwa faida ya usiku mmoja. Ndivyo alivyo mwenye kufanya karamu kubwa ugonjwa unapokaribia kwisha. Mtu akihatarisha roho yake mwenyewe, twaweza kumshauri tu. Lakini katika maradhi ya kuambukiza hakuna ahatarishaye roho yake peke yake. Kijana hucheza ngoma, na babu yake ndiye anayezikwa. Aliyechagua si yule aliyelipa, na hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la hiari, likawa la haki.

Lakini desturi ile ile ya mwamba ina upande wa pili, nao hausemwi sana. Mwamba hufungwa mmoja, si yote. Mjane ambaye hana chombo, ambaye hupata kitoweo chake kwa kutembea na kijiti chake mwambani, huachiwa mahali pengine pa kwenda. Kama kijiji kingefunga miamba yote, kisha kikamlaumu mjane kwa kuiba, ni nani aliyeanza kuvunja haki? Asiyempa mwenzake njia ya kungoja, asimlaumu kwa kutokungoja.

Basi hilo ndilo jibu letu kwa mama wa vitumbua, jibu ambalo siku ile hatukuwa nalo. Si haki kumwambia mtu, "Funga kwa ajili yetu sote," kisha gharama ya sisi sote akailipa yeye peke yake. Kama kungoja ni kwa faida ya kijiji, chakula cha mwenye kungoja ni deni la kijiji. Sadaka hutolewa kwa huruma, nalo deni hulipwa kwa haki. Sisi waalimu wanne, baada ya yeye kuondoka barazani, tulipatana kununua vitumbua vyake kila asubuhi, na kuwaambia wengine wenye mshahara wafanye vivyo. Lilikuwa jambo dogo, halikumrudishia nusu ya mapato yake. Tena twaona haya kusema kwamba tulichelewa wiki tatu. Na wiki tatu zile zilikuwa za kwetu kuzifikiri, si za kwake kutuombea.

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Nuhu, nazo mnazijua. Nuhu hakufungua safina kwa sababu mvua imekoma. Alimtuma kunguru, akamtuma njiwa, akangoja siku saba, akamtuma tena, akangoja siku saba nyingine. Wala hakuidharau habari aliyoletewa, ingawa yeye na wote waliokuwa ndani bila shaka walitamani mno kukanyaga nchi kavu. Mara nyingi twasifu subira yake. Lakini mara chache twakumbuka kwamba chakula kiliwekwa ndani ya safina kabla ya mlango kufungwa, chakula cha watu na cha wanyama. Kama kisingaliwekwa, subira ile ingalikuwa mauti.

Wasomaji wapenzi, ugonjwa mwingine utakuja. Hatujui jina lake wala mwaka wake. Mabishano nayo yatakuja, na wako watakaosema tufungue leo, na wako watakaosema tufunge mpaka mwakani. Siku hiyo maneno mazuri hayatafaa kitu, kama kazi haikufanywa kabla. Kazi yenyewe twaijua. Kila kijiji kiwe na watu wanaoandika wagonjwa wake kwa kweli, bila kuficha kwa haya wala kuongeza kwa hofu. Kila siku ya kufunga itangazwe pamoja na kipimo cha kufungua, ili watu wajue wanangoja nini. Kufungua kuwe hatua kwa hatua, kukianza na vile ambavyo maskini hawezi kuishi bila hivyo, kama shule na soko la chakula, na kukiishia na karamu na ngoma, si kinyume chake. Na wakati wa mavuno, korosho na ufuta vinapouzwa na mkono una kitu, iwekwe akiba ya kijiji, iwe mahindi au makopa au fedha, kwa ajili ya wale ambao mshahara wao ni kengele ya mapumziko.

Yule bibi mkunga amekwisha fariki kwa uzee wake. Mama wa vitumbua yuko bado chini ya mti ule ule, na watoto wetu humzunguka kila saa nne. Siku moja tukamwuliza, kama ugonjwa ungerudi, na shule ikafungwa tena, angesema nini? Akageuza kitumbua chake kikaangoni, akafikiri, kisha akajibu: "Ningengoja, waalimu. Lakini safari hii msingoje nije barazani."